Watu watano, viungo vinne: hesabu ya Dafnis Prieto

Kikundi cha rumba ya Kuba kikipiga guaguancó, aina moja ya rumba hiyo, kinakuwa na kazi tano zinazokwenda kwa wakati mmoja. Mmoja anagonga klave, vile vijiti viwili vya mti mgumu. Wa pili anapiga katá, vijiti juu ya gogo au kipande cha mwanzi. Wa tatu yuko kwenye tumba, ngoma ya sauti nzito, na wa nne yuko kwenye segundo inayomjibu. Wa tano ameshika quinto, ngoma ndogo kali inayozungumza na mcheza dansa. Mpiga dramu wa jazi ana mikono miwili na miguu miwili. Kila jaribio la kuchanganya midundo ya Karibi na jazi linaanzia kwenye upungufu huo wa kiungo kimoja, na ubora wa mpigaji unajulikana kwa kile anachokubali kukiacha.

Dafnis Prieto, mpiga dramu na mtunzi wa jazi, ndiye mtu mzuri kuliko wengi wa kupimia jambo hili. Alizaliwa Santa Clara, katikati ya Kuba, mwaka 1974, akaanza na gitaa na ngoma za mkono kabla ya kukaa kwenye dramu. Alisoma shule ya taifa ya muziki Havana, kisha mwaka 1999 akahamia New York. Huko amepiga na Henry Threadgill, Steve Coleman, Eddie Palmieri na Michel Camilo, watu ambao muziki wao haufanani hata kidogo. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya MacArthur, ile ya Marekani ya watu wenye ubunifu wa pekee, na mwaka 2019 albamu ya bendi yake kubwa, Back to the Sunset, ikashinda Grammy upande wa jazi ya Kilatini. Anapotajwa, husifiwa zaidi kwa viungo vyake kujitegemea: mguu huu unafanya lake, mkono ule lake. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini naiona inaelekeza macho mahali pasipostahili. Wapo vijana wengi leo wenye viungo huru kama vyake na muziki wao hausogei. Kinachomtofautisha Prieto ni mahali anapoliweka pigo, na kazi anazochagua kuziachia wenzake.

Tuihesabu klave kwanza, yaani ule mdundo wa mapigo matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, unaogongwa kwa vijiti vile, maana bila hiyo hatutaelewana. Chukua vipimo viwili vya mapigo manne, ugawe kila pigo mara mbili: unapata nafasi 16. Klave ya son, muziki wa nyimbo na dansi wa Kuba, yenye upande wa mapigo matatu mbele inagongwa kwenye nafasi ya 1, 4, 7, 11 na 13. Klave ya rumba inahamisha pigo moja tu, la tatu, kutoka nafasi ya 7 kwenda ya 8. Ukianza na upande wa mapigo mawili, son inakuwa 3, 5, 9, 12 na 15, na rumba inakuwa 3, 5, 9, 12 na 16. Hayo yamo katika vitabu vya mazoezi, na mwanafunzi mwenye bidii anayashika kwa siku moja.

Tabu ni kwamba wapiga rumba wa Matanzas na Havana hawagongi kwenye nafasi hizo kamili. Klave ina ndugu yake wa hesabu ya tatu. Mzunguko uleule ukiugawa kwa nafasi 12 badala ya 16, mapigo ya rumba yanaangukia 1, 3, 6, 8 na 10. Sasa linganisha. Kwa kasi ya mapigo 200 kwa dakika, mzunguko mzima wa mapigo manane unachukua sekunde 2.4. Kwa hesabu ya 16, pigo la pili la klave linakuja milisekunde 450 tangu mzunguko uanze. Kwa hesabu ya 12 linakuja kwenye 400. La tatu ni 1,050 dhidi ya 1,000. La nne ni 1,500 dhidi ya 1,400. La tano ni 1,800 kwa hesabu zote mbili. Kwa hiyo pigo la kwanza na la tano ni nguzo zisizohama, na yale matatu ya kati ndiyo yanayonyumbuka. Mpigaji mzoefu huyaweka kati ya hesabu mbili, wakati mwingine karibu na hii, wakati mwingine karibu na ile, kutegemea mwimbaji na mcheza dansa. Mtu anayeigonga klave kwa mashine iliyopangwa kwenye nafasi 16 kamili anapata mapigo yote matano na bado hana rumba.

Sasa ilete swing ya jazi. Pigo likigawanywa kwa mwendo wa swing, nusu yake ya pili inachelewa: badala ya kuja katikati inakuja kwenye theluthi mbili. Kwa kasi ileile ya 200, nafasi ya 4, iliyokuwa kwenye milisekunde 450, inasogea hadi 500. Rumba nayo inaitaka kwenye 400. Swing inaichelewesha, rumba inaiwahisha, na kati yao kuna pengo la milisekunde 100 ambalo mcheza dansa yeyote atalisikia mwilini. Nafasi ya 8 ina ugomvi uleule: 1,100 kwa swing, 1,000 kwa rumba. Nafasi ya 11 haina hata pa kukutania, kwa sababu kwa jazi hilo ni pigo kamili lisilosogezwa, na kwa rumba ni pigo linalowahi kuliko yote.

Ndiyo sababu kizazi cha kwanza cha waliochanganya miendo hii kilitenganisha vyumba. Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi, alipompandisha Mkuba Chano Pozo jukwaani Carnegie Hall, New York, mwezi Septemba 1947, alikuwa na bendi kubwa ya swing na mpiga konga (ngoma ndefu za mikono, jamii ya ile tumba) asiyepiga swing. Katika wimbo wa Manteca waliourekodi Desemba mwaka huohuo, Pozo alileta mafungu ya besi na ala za upepo yanayojirudia, naye Gillespie akatunga sehemu ya kati yenye mfuatano wa kodi za jazi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Sehemu moja Kuba, sehemu moja New York. Mwaka 1956 mpiga saksafoni Sonny Rollins, ambaye mama yake alitoka Visiwa vya Virgin, aliporekodi wimbo wa St. Thomas, mpiga dramu wake Max Roach alianza kwa mwendo wa kalipso, na katikati akahamia swing moja kwa moja. Roach alikuwa ameshafika Haiti kujifunza kwa mpiga ngoma Ti Roro, kwa hiyo hakukosa ujuzi. Aliujua mpaka na akauheshimu. Wanaoziita kazi hizo mchanganyiko wa juujuu wanazionea: miendo miwili inayovutana kwa milisekunde 100 haiwezi kupigwa pamoja bila mmoja kulegea.

Aliyelegea alikuwa swing. Hata zamani, kadiri kasi ilivyopanda wapiga jazi walipunguza uchelewaji huo hadi mapigo yakakaribia kulingana. Kisha kuanzia miaka ya 1960 na 1970 sehemu kubwa ya jazi ilinyoosha mapigo yake hata kwenye kasi ya wastani. Uchelewaji ukiondoka, nafasi ya 4 inarudi kwenye 450, na umbali wake na rumba unabaki milisekunde 50 tu, umbali ambao wapiga rumba wenyewe wameishi nao siku zote. Kuba nayo ilisogea. Changuito, mpiga dramu wa Kuba, akiwa na bendi ya Los Van Van miaka ya 1970, aliufanya mdundo wa songo kuwa mdundo wa seti ya dramu, na Irakere, bendi ya Chucho Valdés iliyoundwa mwaka 1973, iliziweka ngoma za batá, ngoma tatu za ibada za Kuba, katikati ya jazi na funki. Prieto alizaliwa ndani ya hali hiyo. Tukimsifu, tukumbuke kwamba mlango ulikuwa umeshafunguliwa kutoka pande zote mbili.

Tuje kwenye seti yenyewe. Konga ikipiga tumbao ya kawaida, yaani mdundo wake unaojirudia, ndani ya kipimo kimoja chenye nafasi 8 kofi linakuja nafasi ya 3, na sauti mbili za wazi zinakuja nafasi ya 7 na ya 8. Besi inapiga nafasi ya 4 na ya 7, na mara nyingi inaiacha ya 1 kabisa. Mpiga dramu aliyelelewa kwenye roki au funki anafika na mazoea mawili: ngoma ya mguu kwenye 1, na snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, kwa nguvu kwenye pigo la pili na la nne, yaani nafasi ya 3 na ya 7. Snea ya nafasi ya 7 inafunika kabisa sauti ya wazi ya konga. Ngoma ya mguu ya nafasi ya 1 inaujaza upenyo ambao besi ameuacha kwa makusudi. Watu wawili wamefutwa, na mpigaji hajakosea pigo hata moja kwa mujibu wa karatasi. Dawa yake ni kuupeleka mguu kwenye nafasi ya 4 ya upande wa mapigo matatu, pigo ambalo Wakuba huliita bombo, na kuiacha snea kwa sauti ndogo za ukingoni.

Vifaa navyo vina sauti yao katika shauri hili. Ngoma ya mguu ya jazi ya inchi 18 au 20, iliyokazwa juu na isiyojazwa mto, inafaa kwa sababu inaimba kama tumba. Ila ikilia muda mrefu inamla besi, na utepe wa kitambaa ukigusa ngozi kidogo unatosha kuifupisha. Timbale za Kuba ni mbili, inchi 14 na 15, za chuma, zenye ngozi upande wa juu tu, na hupigwa kwa vijiti vyembamba visivyo na kichwa. Asiye nazo anaweza kuzitegua nyaya za snea na kuikaza ngozi yake juu, akapata sauti ya jamii hiyo. Kengele inafungwa kwenye pete ya ngoma ya mguu: mdomo wake unatoa sauti nzito ya mapigo makuu, mgongo wake sauti kali ya mapigo ya kati. Toazi kubwa ndilo linaloharibu mambo mara nyingi. Mvumo wake unafunika ngozi za konga, hivyo wakati wa kuimba mkono wa kulia unafaa uhamie kwenye ubavu wa tomu ya sakafuni, ngoma kubwa yenye miguu, unaotoa mlio mkavu kama wa katá, na toazi lisubiri solo za ala za upepo, ambapo kelele zaidi inabebeka.

Halafu kuna klave ya mguu. Horacio Hernández, Mkuba wa Havana aliyepita Roma kabla ya kufika New York mwaka 1993, ndiye aliyeitangaza kuliko mtu mwingine yeyote: kengele au kibao cha plastiki mbele ya pedali ya mguu wa kushoto, mguu ukigonga klave mfululizo, na viungo vitatu vilivyobaki vikiwa huru. Kama hesabu ya viungo ni jambo la ajabu. Kazi nne za rumba zinatoka kwa mtu mmoja, na ya tano inakaribia. Lakini nasema waziwazi: kwa bendi nyingi klave ya mguu ni mzigo. Kukiwa na mpiga konga, kukiwa na mpiga piano anayeshika montuno, fungu lake linalojirudia, klave tayari imo ndani ya kila wanachopiga. Kuigonga tena kwa kibao kikali ni kumwambia mtu jina lake kila baada ya sekunde mbili. Pia mguu unagonga kwa uzito wa paja, na paja halina ule unyumbufu wa milisekunde 50. Klave ya mguu kwa wapigaji wengi huishia kwenye nafasi 16 kamili, na bendi nzima inalazimika kuifuata huko. Ninaikubali pale isipokuwepo konga, hasa bendi ya watu watatu, na kwenye solo ya dramu, ambapo msikilizaji anahitaji kamba ya kushika.

Anayetaka kuijenga ajue gharama zake. Hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu wa kushoto, inapoteza mguu wake. Kuna wanaoweka pedali mbili ubavu kwa ubavu, kisigino kikibonyeza moja na vidole nyingine, na kuna wanaoifunga hai-hati nusu kwa kibanio maalumu na kuisahau. Mguu uanze kwenye kasi ya 100, na kabla haujagusa pedali, mdomo uimbe klave juu ya mapigo makuu manne yanayopigwa na mguu huohuo sakafuni. Mizunguko minane kwa hesabu ya 16, minane kwa hesabu ya 12, bila kubadilisha yale mapigo makuu. Kwenye kasi hiyo tofauti za pigo la pili, la tatu na la nne ni milisekunde 100, 100 na 200, kubwa kiasi cha kusikika bila shida. Baada ya hapo mdomo utafute pa katikati. Asiyeweza kuziimba hesabu mbili kwa mdomo hataziweka mguuni, hata akaze vipi. Prieto mwenyewe ana kawaida ya kuyatamka mapigo kwa mdomo jukwaani, harakaharaka, silabi kwa silabi, bila dramu. Watu huchukulia hilo kama burudani ya pembeni. Ndipo ilipo kazi yenyewe, maana mdomo hauna pa kujificha: ukichelewa unajisikia.

Jambo lingine ni mazungumzo. Kwenye batá kuna ngoma tatu: okónkolo ndogo inayorudia jambo fupi, itótele ya kati inayojibu, na iyá kubwa inayoongoza. Iyá ikitoa wito fulani, wenzake wanabadilisha walichokuwa wanapiga. Asiyejua wito hawezi kukaa kwenye kiti cha itótele, hata awe na kasi ya umeme. Mpiga dramu anayeyapanga yote hayo mwilini mwake anaweza kuiga sauti za ngoma tatu, lakini wito na jibu vikitoka kwa mtu mmoja hakuna anayeulizwa wala anayejibu. Kwenye bendi za Prieto wito huvuka kwenda kwa ala nyingine. Tungo zake zimejaa mafungu ambayo dramu inauliza na saksafoni au piano inajibu kwa maandishi, yaani jibu limeandikwa kwenye karatasi ya mwenzake. Kwa sababu hiyo namhesabu kama mtunzi kabla ya kumhesabu kama mpiga dramu. Katika bendi ya watu 17 ya Back to the Sunset angeweza kuwamwagia wote mvua ya mapigo. Badala yake mafungu ya tarumbeta, tromboni na saksafoni yanabeba kazi za ngoma, na kile kiungo cha tano kilichopungua kinapatikana kwenye pumzi za watu wengine.

Upande wa vipimo visivyo shufwa, ambavyo jazi ya sasa inavipenda sana, ndio unaowaangusha wengi. Tuchukue saba. Klave ya son ina umbali wa 3, 3, 4, 2 na 4 kati ya pigo na pigo, jumla 16. Kipimo cha mapigo saba kina nafasi 14, hivyo lazima mbili zitoke mahali. Njia inayokuja haraka ni kukata mkia: 3, 3, 4, 2 na 2. Mapigo yote matano yapo na bendi inatembea. Sikiliza vizuri, hata hivyo: kimya kilichokuwa baada ya pigo la tano kimekatwa nusu, na kimya hicho ndicho kilichokuwa kinauweka sawa upande wa mapigo matatu unaofuata. Upande mmoja wa klave unavuta, wa pili unatuliza. Ukiufupisha unaotuliza, muziki unakimbia, waimbaji wanakosa pa kuvuta pumzi, na baada ya dakika nne kila mtu amechoka bila kujua amechoshwa na nini.

Njia ya pili ni kuiacha klave kama ilivyo na kuipitisha juu ya kipimo cha saba. Nafasi 16 na nafasi 14 zinakutana kwenye 112: klave saba, vipimo vinane. Dramu na wenzake wanaanza pamoja, wanaachana, na wanakutana tena mwanzoni mwa kipimo cha tisa. Inataka mpiga besi mwenye moyo mgumu, kwa sababu katikati ya safari kila mmoja atahisi mwenzake amepotea. Mimi naipendelea hii. Inaihifadhi klave na umbo lake lote, na mgongano unaotokea ni wa aina ambayo jazi imeuzoea tangu zamani.

Kosa la kawaida zaidi halihitaji hata kipimo cha saba. Mpangaji wa muziki anachukua wimbo wa jazi, anaandika juu ya karatasi neno moja la kusema mwendo ni wa Kilatini, na kumwachia mpiga dramu apige anachojua, mara nyingi bosanova, ambayo ni ya Brazili na haina udugu wa karibu na Havana. Hapo klave inavukwa: sauti ya mwimbaji iko upande wa mapigo mawili, dramu iko upande wa mapigo matatu. Kutambua si kugumu. Kipimo ambacho mapigo ya sauti yanaangukia zaidi katikati ya mapigo makuu ni upande wa mapigo matatu. Kile kinachokaa juu ya mapigo makuu ni upande wa mapigo mawili. Nyimbo za jazi zenye vipimo 32 kwa kawaida hazisumbui kwa sababu 32 inagawanyika kwa mbili, ila mpangaji akiongeza kipimo kimoja cha mbwembwe kabla ya kiitikio, kila kinachofuata kimegeuka. Mkuba Mario Bauzá, mpangaji wa muziki, na bendi ya Machito, New York ya miaka ya 1940, waliitumia hali hiyo kwa faida: waliandika mafungu yenye idadi witiri ya vipimo ili sauti ihamie upande wa pili wa klave, huku klave yenyewe ikiendelea bila kuguswa. Ukitaka kupindua, pindua wimbo. Klave usiiguse.

Karibi si Kuba peke yake. Guadeloupe wana gwoka, iliyoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na huko hakuna klave ya kulinda. Kuna ngoma za boula zinazoshika mdundo mmoja miongoni mwa saba inayotambulika, na ngoma moja ya makè inayomfuata mcheza dansa hatua kwa hatua. Wapigaji wa kisiwa hicho kama Sonny Troupé na Arnaud Dolmen wanapoipeleka gwoka kwenye jazi, swali lao linakuwa makè atamfuata nani, kama mcheza dansa hayupo. Saksafoni ikichukua nafasi ya miguu ya mchezaji, jambo linawezekana. Isipochukuliwa na yeyote, makè anageuka solo ndefu isiyoelekea kokote.

Kwetu Afrika Mashariki na Kongo hesabu hii si ngeni. Sahani za santuri za Kikuba za mfululizo ulioitwa GV zilianza kutolewa miaka ya 1930, na klave ile ya vijiti inasikika wazi kwenye rumba ya Kongo ya mwanzo. Salum Abdallah wa Morogoro aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba, na bendi za dansi zilizojiita Jazz, kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga, zilikuwa karibu zaidi na Havana kuliko na New Orleans. Mpiga dramu aliyekua akisikiliza sebene na chakacha anazijua hesabu ya nne na ya tatu mwilini kabla hajaziona kwenye karatasi. Anachokosa mara nyingi ni kule kuacha. Kwenye bendi nyingi za sasa ngoma ya mguu inagonga kila pigo kuu, snea inajaza kilichobaki, na mpiga tumba anapiga usiku mzima bila kusikika. Jaribio la bei rahisi lipo: wimbo mmoja mzima bila snea kwenye pigo la nne, mguu kwenye nafasi ya 4 tu, mkono wa kulia kwenye ubavu wa tomu. Mwenye tumba asiambiwe chochote kabla. Kama kuna mazungumzo ya kuanza kati yao, kwa kawaida huanza kabla ya kiitikio cha pili.